Usiamini Skrini Pekee: Zana za Mtengenezaji wa Tovuti Zinazomfaa Kila Mkazi



Huduma nyingi ambazo zamani zilihitaji nauli, foleni na siku nzima kwenye ofisi sasa huanzia mtandaoni. Kibali cha biashara, kodi ya ardhi, fomu ya basari, tangazo la zabuni, cheti cha kuzaliwa, leseni ya udereva na ritani za ushuru, yote hayo mara nyingi hupitia kwenye kivinjari. Kivinjari ni ile programu unayotumia kufungua tovuti: Chrome, Firefox, Edge, Safari, Opera Mini au nyingineyo.

Wanaokifahamu kivinjari kuliko sisi sote ni watengenezaji wa tovuti, kwa kuwa ndicho jembe lao la kila siku. Wana mbinu zao za kujua ukurasa umetoka wapi, kwa nini haufunguki, na kama kinachoonekana ni kipya au kimechacha. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba karibu zana zote hizo zimo ndani ya kivinjari chako pia, bila malipo. Somo la toleo hili linachukua chache kati ya hizo na kuonyesha jinsi zinavyoweza kukulindia pesa, stakabadhi na muda wako.

Msingi: ukurasa unaouona ni nakala

Tuanze na jambo moja ambalo ukilielewa, mengine yote yatafuata kwa urahisi. Unapoandika anwani ya tovuti na kubonyeza, kivinjari chako hutuma ombi kwa kompyuta nyingine iliyo mbali, ambayo huitwa seva. Seva hujibu kwa kutuma maandishi, picha na maagizo ya namna ya kuvipanga. Kivinjari huyapokea na kukuchorea ukurasa kwenye skrini.

Kwa hivyo, unachokiona ni nakala. Ni sawa na mtu kukupigia fotokopi ya barua iliyo kwenye faili ya ofisi. Ukichukua kalamu ukaandika juu ya fotokopi yako, faili ya ofisi haibadiliki. Vilevile, ofisi ikibadilisha barua yake baada ya wewe kuondoka, fotokopi uliyo nayo mkononi haitajua.

Mfumo huu ulibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi. Aliandika pendekezo lake mwaka 1989, na kufikia mwisho wa mwaka 1990 alikuwa na kivinjari cha kwanza. Kivinjari hicho kiliweza kusoma kurasa na pia kuzihariri. Mwaka 1993, CERN ilitangaza kwamba teknolojia hiyo inaweza kutumiwa na yeyote bila malipo. Hiyo ni sababu mojawapo ya huduma hii kuenea hadi kwenye simu iliyo mfukoni mwako.

Zana ya kwanza: Kagua

Kama una kompyuta karibu, fanya jaribio hili. Fungua ukurasa wowote wa habari. Weka kishale juu ya kichwa cha habari, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, kisha uchague Kagua. Unaweza pia kubonyeza F12. Upande mmoja wa skrini patafunguka sehemu yenye maandishi mengi ya kiufundi. Usitishike. Tafuta mstari wenye maneno ya kichwa kile, ubonyeze mara mbili, ufute maneno yaliyopo, uandike jina lako, kisha ubonyeze Enter.

Kichwa cha habari sasa kina jina lako, kwa herufi zilezile, rangi ileile na mahali palepale. Mtu akipita nyuma yako ataapa kwamba umeandikwa kwenye gazeti. Kisha bonyeza F5 ili ukurasa upakiwe upya. Jina lako limetoweka, kwa sababu ulichokigeuza ni nakala yako tu. Tovuti yenyewe hukuigusa.

Watengenezaji hutumia zana hii kila siku kujaribu rangi, ukubwa wa maandishi na mpangilio kabla ya kubadilisha tovuti halisi. Zamani iliwabidi kuongeza programu ya ziada. Maarufu zaidi ilikuwa Firebug, iliyotolewa mwaka 2006 kwa watumiaji wa Firefox. Leo vivinjari vyote vikubwa vya kompyuta huja na zana hizo tayari.

Je, jambo hili linakuhusu vipi wewe mwenye duka, mwenye nyumba ya kupanga au mwenye bodaboda? Linakuhusu sana. Ikiwa mtu yeyote anaweza kubadilisha maneno na tarakimu za ukurasa kwa sekunde kumi bila ujuzi wowote, basi picha ya skrini si ushahidi wa malipo. Mtu anaweza kufungua stakabadhi yake ya shilingi 200, akaigeuza isome 20,000, akapiga picha na kukutumia. Picha hiyo haitakuwa na mkwaruzo wala alama ya kufutwa, kwa sababu kivinjari ndicho kilichoichora.

Hali ni hiyohiyo kwa matokeo ya mtihani, barua ya kuajiriwa, salio la benki au tangazo la kushinda zabuni. Kanuni ni moja: usiitegemee picha, nenda kwenye chanzo. Ukilipwa kwa simu, soma ujumbe ulioingia kwenye simu yako mwenyewe, na uangalie salio kabla ya kutoa bidhaa. Ukiletewa stakabadhi ya huduma ya serikali, itisha nambari ya stakabadhi na uiangalie mwenyewe kwenye mfumo husika, au uombe ofisi iliyoitoa ikuthibitishie.

Kujaribu Kagua kwa kujifunza si kosa. Kuitumia kumdanganya mtu ni uhalifu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inaadhibu kughushi na ulaghai unaofanywa kwa kompyuta. Vijana wetu walijue hilo mapema.

Tahadhari nyingine moja. Ndani ya zana hizo kuna sehemu iitwayo Konsoli, ambapo mtengenezaji huandika maagizo. Mtu akikuambia unakili maneno fulani uyabandike hapo ili upate mkopo, wafuasi wengi au bando la bure, kataa. Maagizo hayo yanaweza kumpa akaunti yako nzima.

Zana ya pili: kusoma anwani kuanzia mwisho

Kama ukurasa ni nakala inayoweza kuigwa, utajuaje kwamba uko kwenye tovuti halisi? Nembo haitoshi, wala rangi za bendera hazitoshi. Hata picha ya Gavana inaweza kunakiliwa. Kitu ambacho tapeli hawezi kukinakili kikamilifu ni anwani iliyo juu ya kivinjari.

Watu wengi huisoma anwani kuanzia kushoto, na hapo ndipo wanaponaswa. Mtengenezaji wa tovuti huisoma hivi: baada ya maneno https:// hutafuta mkwaju mmoja wa kwanza, kisha husoma kurudi nyuma kuanzia hapo. Chukua anwani hii:

https://accounts.ecitizen.go.ke/

Ukirudi nyuma kutoka kwenye mkwaju wa mwisho unakuta ke, yaani Kenya. Kisha go, yaani taasisi ya serikali. Kisha ecitizen, jina la mwenyewe. Sasa tazama hii:

https://ecitizen.go.ke.example.com/lipa

Kwa jicho la haraka zinafanana. Lakini ukirudi nyuma kutoka kwenye mkwaju unakuta com, kisha example. Mwenye tovuti hii ni example.com, na yale maneno ecitizen.go.ke yaliyotangulia ni pambo tu. (Jina example.com limetengwa rasmi kwa ajili ya mafunzo, ndiyo maana tumelitumia hapa.) Tapeli pia anaweza kugeuza nukta kuwa vistari, au kuongeza herufi moja ambayo jicho halitaiona.

Nchini Kenya, majina yanayoishia na .ke husimamiwa na KeNIC, na kila kundi lina mahali pake. Kampuni hutumia co.ke, vyuo vya elimu ya juu ac.ke, shule sc.ke, mashirika yasiyo ya faida or.ke, na taasisi za serikali go.ke. Jina la go.ke haliuzwi kwa mtu yeyote anayelitaka. Kwa hivyo tovuti inayodai kuwa ya basari ya serikali, na huku anwani yake haiishii na go.ke, yafaa kukutia shaka. Usiandike nambari yako ya kitambulisho hapo kabla ya kuuliza kwenye ofisi ya wadi.

Na ile alama ya kufuli je? Kwa miaka mingi tumefundishwa kwamba ukiiona, uko salama. Ukweli ni kwamba kufuli ilimaanisha kitu kimoja tu: mawasiliano kati yako na tovuti hiyo yamefichwa ili mtu wa katikati asiyasome. Haikusema lolote kuhusu uaminifu wa mwenye tovuti. Siku hizi cheti cha kufuli hupatikana bila malipo, na matapeli nao hukipata. Ndiyo maana mwaka 2023 Google iliiondoa alama hiyo kwenye Chrome ya kompyuta na ya simu za Android, ikaweka nyingine isiyoahidi usalama. Barabara inaweza kuwa na taa na lami nzuri, na bado ikakupeleka kwa mwizi.

Kuna msaidizi mmoja mtiifu katika jambo hili: hifadhi ya manenosiri ya kivinjari chako. Ukihifadhi nenosiri kwenye simu yako binafsi, kivinjari hulijaza pale tu anwani inapolingana na ile ya awali. Siku ambayo nenosiri linakataa kujijaza kwenye ukurasa unaoonekana uleule, usiharakishe kuliandika kwa mkono. Simama kwanza, isome anwani.

Unapotafuta tovuti, kumbuka pia kwamba matokeo ya kwanza ya Google huweza kuwa matangazo ya kulipiwa. Ili upate kurasa za serikali pekee, andika site:go.ke kisha neno unalotafuta, mathalan site:go.ke basari. Kusiwe na nafasi baada ya nukta mbili.

Zana ya tatu: kuondoa ukurasa uliochacha

Ili usimalize bando, kivinjari huhifadhi baadhi ya kurasa na picha ndani ya kifaa chako. Ukirudi kwenye tovuti, hukuonyesha kilichomo kwenye akiba badala ya kukipakua upya. Ni mpango mzuri, ila una hatari yake. Ofisi ikisogeza mbele siku ya mwisho ya kuleta maombi, au ikirekebisha orodha, wewe unaweza kuendelea kuona tangazo la juzi.

Mtengenezaji wa tovuti akitilia shaka anachokiona hubonyeza Ctrl, Shift na R kwa pamoja. Vitufe hivyo hukiambia kivinjari kiache akiba na kiulize seva upya. Kwenye simu, njia rahisi ni kuufungua ukurasa uleule kwenye kichupo fiche, kwa sababu kichupo hicho hakitumii akiba ya zamani. Ukiona tofauti kati ya kurasa hizo mbili, amini ile mpya, kisha ufute akiba ya kivinjari kupitia Mipangilio.

Fanya hivi kila mara kabla ya kutegemea tarehe: tarehe ya zabuni, ya usaili, ya kikao cha wananchi kutoa maoni au ya mwisho wa fomu.

Zana ya nne: dirisha fiche, na mipaka yake

Dirisha fiche lilitengenezwa kusahau. Ukilifunga, historia ya kurasa ulizotembelea, akaunti ulizofungua na ulichoandika kwenye fomu hufutwa kutoka kwenye kifaa hicho. Watengenezaji hulitumia kuona tovuti kama mgeni anavyoiona. Kwako wewe, faida yake kubwa ni kwenye saiba au kompyuta ya kuazima.

Ukifika saiba, usifungue akaunti yako kwenye dirisha la kawaida. Bonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja kwenye Chrome au Edge (kwenye Firefox ni Ctrl, Shift na P), ufanyie kazi hapo, utoke kwenye akaunti yako, kisha ufunge madirisha fiche yote. Kivinjari kikikuuliza kama kihifadhi nenosiri, kataa.

Lakini usilipe dirisha fiche sifa lisizostahili. Halikufichi kwa mwenye mtandao unaoutumia, wala kwa tovuti unayoitembelea. Zaidi ya yote, faili unazopakua hubaki. Mtu akipakua cheti chake cha kuzaliwa au ritani yake ya ushuru kwenye saiba, faili hiyo hukaa kwenye folda ya vipakuliwa hata baada ya dirisha fiche kufungwa, na mteja anayefuata anaweza kuifungua. Vivyo hivyo kwa nakala ya kitambulisho iliyopigwa picha kwenye mashine ya saiba ili uiambatishe kwenye fomu.

Kwa hivyo, kabla hujainuka kwenye kiti, fungua folda ya vipakuliwa, futa faili zako, kisha zifute tena kwenye pipa la taka. Kama ni mhudumu aliyekusaidia, mwombe afute mbele yako. Si kumkosea heshima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki juu ya taarifa zako binafsi, na mhudumu mwema ataelewa.

Zana ya tano: kusoma nambari za hitilafu

Ukurasa ukikataa kufunguka, mara nyingi huonyesha nambari ya tarakimu tatu. Wengi huifunga kwa hasira. Mtengenezaji huisoma, kwa sababu inasema tatizo liko wapi.

Nambari inayoanza na 4 kwa kawaida humaanisha kuna kasoro kwenye ombi lenyewe. 404 ina maana kwamba ukurasa huo haupo: huenda umekosea herufi kwenye anwani, au ukurasa umehamishwa. 403 ina maana kwamba huruhusiwi kuingia hapo: huenda unahitaji kufungua akaunti kwanza.

Nambari inayoanza na 5 humaanisha tatizo liko upande wa tovuti. 500 ni hitilafu ndani ya mfumo wao. 503 ni kwamba mfumo hauwezi kukuhudumia kwa sasa, pengine umelemewa au unafanyiwa marekebisho. 504 ni kwamba jibu limechelewa kupita kiasi. Mbele ya nambari hizi, kubadilisha simu au kununua bando jingine hakutasaidia. Subiri, ujaribu baadaye.

Wakenya waliliona jambo hili mwezi Julai mwaka 2023, huduma za eCitizen zilipotatizika baada ya mfumo kushambuliwa kwa maombi mengi ya uongo yaliyotumwa kwa pamoja. Ni sawa na umati kuziba mlango wa duka bila nia ya kununua, wateja wa kweli wasipate pa kupita.

Nambari 504 ina funzo moja la pesa ambalo yafaa kila kaya ilijue. Umelipa, ukurasa umezunguka kwa muda mrefu, kisha nambari hiyo imetokea. Usilipe tena. Ombi lako laweza kuwa limefika salama, ila jibu ndilo lililopotea njiani. Kwanza angalia ujumbe wa malipo kwenye simu yako na hali ya ombi lako kwenye akaunti. Ukikuta pesa zimetoka na huduma haijaonyesha, wasiliana na ofisi husika ukiwa na nambari ya muamala.

Unaporipoti tatizo, usiseme tu kwamba mtandao umekataa. Toa mambo matano: anwani kamili ya ukurasa, saa na tarehe, nambari ya hitilafu, jina la kivinjari na kifaa unachotumia, na kile ulichokuwa ukijaribu kufanya. Ukiwa na mambo hayo, anayekuhudumia anaweza kuanza kazi mara moja badala ya kukuuliza maswali siku nzima. Hata hivyo, usimpe mtu yeyote nenosiri lako wala nambari ya siri iliyotumwa kwenye simu yako, hata akijitambulisha kuwa mfanyakazi wa serikali.

Zana ya sita: kutafuta ndani ya ukurasa

Bonyeza Ctrl na F, na kisanduku kidogo kitatokea. Kwenye simu, fungua menyu na uchague Tafuta kwenye ukurasa. Andika neno, na kivinjari kitakupeleka kila mahali lilipo. Ni zana ndogo kuliko zote, na huenda ndiyo itakayokuokolea mali nyingi zaidi.

Fikiria Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo kwa kawaida huchapishwa kila Ijumaa. Humo hutolewa ilani za watu wanaoomba kurithi mali ya marehemu, na za hatimiliki za ardhi zinazodaiwa kupotea. Ilani ya urithi huwapa wenye pingamizi siku 30. Ilani ya hatimiliki iliyopotea imekuwa ikitoa siku 60 kabla ya mpya kutolewa. Familia nyingi hugundua kwamba shamba lao lilitajwa humo baada ya siku hizo kupita. Hakuna anayeweza kusoma kurasa zote hizo kila wiki, lakini kutafuta jina la babu au nambari ya shamba ni kazi ya dakika moja.

Tumia ujanja wa mtengenezaji hapa. Kwanza, tafuta kipande kifupi badala ya jina zima, kwa sababu tahajia hutofautiana. Ukiandika Wanjik utapata Wanjiku na Wanjiko. Pili, tafuta nambari ya shamba pia, kwani jina linaweza kukosewa. Tatu, na hili ni muhimu kuliko yote, hakikisha kwamba faili hiyo inaweza kutafutwa. Baadhi ya faili za PDF ni picha za karatasi zilizopigwa kwa mashine, na kivinjari hakioni herufi ndani ya picha. Chagua neno unaloliona wazi kwa macho yako, ulitafute. Likikataa kupatikana, faili hiyo ni picha, na itakubidi uisome mwenyewe ukurasa kwa ukurasa. Usikate kauli kwamba jina halimo kwa sababu tu kivinjari hakikulipata.

Mbinu hii inafaa pia kwenye orodha ya basari, orodha ya walioteuliwa kwa usaili, na bajeti ya kaunti. Andika jina la wadi yako kwenye faili ya bajeti, uone ni miradi gani iliyotengewa fedha. Utakwenda kwenye kikao cha kutoa maoni ukiwa na maswali yenye uzito.

Vidokezo vya haraka

Ukifunga kichupo kwa bahati mbaya, bonyeza Ctrl, Shift na T, nacho kitarudi. Kwenye Chrome, hii haifanyi kazi kwa vichupo fiche.

Ukitaka kuhifadhi ukurasa wa stakabadhi, bonyeza Ctrl na P, kisha uchague kuhifadhi kama PDF badala ya kuchapisha. Hugharimu sufuri.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma fomu ndefu, nakili maelezo yako marefu uyabandike kwenye programu ya kuandikia. Unachoandika kwenye fomu kwa kawaida hukaa kwenye kivinjari chako tu hadi utakapokituma. Stima zikipotea au muda wa akaunti ukiisha, waweza kupoteza kazi ya saa nzima.

Kama maandishi ni madogo, bonyeza Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha. Wazee wetu wasikunje nyuso bure.

Kwa vijana wanaotaka kuendelea

Kijana aliyevutiwa na jaribio la Kagua anaweza kulifanya kuwa mwanzo wa kazi. Zana kuu ambazo watengenezaji hutumia kulipwa mishahara ni za bure. Visual Studio Code ni programu ya kuandikia msimbo kutoka Microsoft. Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, huhifadhi kila hatua ya kazi ili uweze kurudi nyuma ukikosea. Maelezo ya lugha za tovuti, yaani HTML, CSS na JavaScript, yanapatikana kwenye MDN, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa na Mozilla. Asiye na kompyuta nyumbani aulize katika chuo cha mafunzo ya ufundi kilicho karibu naye, au afuatilie mafunzo ya mpango wa kitaifa wa Ajira Digital.

Maswali ya kujipima

Soma maswali haya pamoja na jamaa yako, hasa yule anayelipia wengine bili kwa simu.

1. Mpangaji amekutumia picha ya skrini inayoonyesha amelipa kodi ya nyumba. Utafanya nini kabla ya kumwandikia risiti?

2. Umepokea kiungo cha basari kwenye kundi la WhatsApp. Kina nembo ya kaunti na kufuli. Utasoma sehemu gani ya anwani, na kwa mpangilio gani?

3. Umemaliza kazi kwenye saiba, na umefunga dirisha fiche. Ni kitu gani huenda bado kimebaki kwenye kompyuta hiyo?

4. Umelipia kibali, kisha ukurasa ukaonyesha 504. Kwa nini usilipe mara ya pili papo hapo?

5. Umetafuta nambari ya shamba kwenye faili ya PDF na hukuipata. Utajuaje kama kweli haimo?

Ukiweza kuyajibu yote bila kurudi juu, mfundishe jirani mmoja. Ukikwama, jibu limo katika sehemu ya zana husika. Wenye swali zaidi, au walioona tovuti wanayoishuku inayotumia jina la serikali, wafike katika ofisi ya msimamizi wa wadi au kituo cha Huduma Centre kilicho karibu wakiwa na anwani kamili ya ukurasa huo.